Basi Tu: Maneno Kumi ya Mambo Yasiyo na Sababu

Mwambie Mswahili kwamba jambo fulani limefanyika bila mpango, naye atataka kujua: bila mpango wa namna gani? Kwetu kukosa mpango kuna madaraja. Kabati lina lake, fundi ana lake, bahati ina lake, na mwenye mhuri ana lake, tena hayalingani hata kidogo.

Waingereza na Wafaransa wana neno moja wanalolibebesha karibu mzigo huu wote. Limetokana na Kilatini arbiter, yaani mwamuzi. Safari yake ni ya ajabu: lilianzia kwa mtu anayesikiliza pande mbili, likafikia kwa mtu anayehukumu anavyojisikia. Mfasiri wa Kiswahili akikutana nalo hukuna kichwa, na kinachomkunisha ni wingi wa maneno. Atumie lipi? Ovyo? Holela? Nasibu? Akikosea, amemtoa mwenye kosa kifungoni au amemfunga asiye na kosa.

Kwa hiyo nimeyapanga kumi, tukihesabu kurudi nyuma, kuanzia lisilomdhuru mtu hadi linaloweza kumlaza mtu rumande. Usiporidhika na mpangilio, bishana nami. Ndiyo raha ya orodha.

10. Shaghalabaghala

Tuanze na lenye kelele. Neno hili limevaa kile linachokisema: ukilitamka haraka, ulimi unajikwaa kwenye gha ya kwanza na kuangukia gha ya pili. Ni neno la hali ya vitu. Chumba cha kijana wa chuo kiko shaghalabaghala. Ile droo ya jikoni wanamoishi mishumaa, betri zilizokwisha na vifuniko vilivyofiwa na vyombo vyake, nayo iko shaghalabaghala. Hakuna aliyekaa kikao akaamua iwe hivyo.

Linashika nafasi ya kumi kwa sababu dawa yake ni nusu saa na ufagio. Ukimsikia mtu analia kwamba nchi iko shaghalabaghala, mwambie kwa upole kwamba ametumia neno la kabati kwenye kesi ya mahakama. Huko mbele kuna maneno yenye meno zaidi.

9. Shelabela

Hili ni la sokoni. Kununua shelabela ni kuchukua mzigo mzima kama ulivyo, bila kuchambua. Anayefungua belo la mitumba analielewa hata kama hajawahi kushika kamusi. Amelipia kitu kilichofungwa. Ndani huenda mna mashati mazuri, huenda mna makoti ya theluji, na yeye meza yake iko Tandika, mwezi wa Februari, jua la saa nane.

Nalipenda neno hili kwa uadilifu wake. Muuzaji hajui kilichomo, mnunuzi hajui, na wote wawili wamekubaliana kutokujua. Usilichanganye na lile fungu la nyanya lenye nzima juu na zilizobonyea chini. Fungu lile limepangwa, tena kwa ustadi mkubwa!

Lina ndugu yake, hobelahobela. Shelabela hachagui, hobelahobela hajali. Ukiwa na mzigo, mpe wa kwanza aupokee. Wa pili asiuguse.

8. Kienyeji

Hapa nasimama kama wakili wa utetezi. "Mambo yameendeshwa kienyeji," tunasema, tukimaanisha hakukuwa na risiti, hakukuwa na muhtasari wa kikao, na mweka hazina alikuwa binamu ya mwenyekiti. Tumeligeuza neno la wenyeji kuwa neno la fujo.

Halafu jioni tunakwenda kutafuta kuku. Wa kisasa tunampita, tunauliza wa kienyeji yuko wapi, na bei yake tunailipa bila kununa. Haiwezekani kuku wa kienyeji awe sifa na kazi ya kienyeji iwe tusi! Wazee wetu walikuwa na utaratibu wa kugawa ardhi, kuposa, kuzika na kusuluhisha ugomvi, na kila mmoja aliujua bila kuandikiwa. Asiyejua utaratibu wa mahali asiseme haupo. Kesi imefungwa, kuku arudishiwe heshima yake na wenyeji warudishiwe yao.

7. Bora liende

Umewahi kufungua mlango ambao lazima uunyanyue kidogo, uusukume kwa bega, halafu uombe dua? Basi umeshakutana na fundi wa bora liende. Si kwamba hakujua kupima. Alijua, futi kamba alikuwa nayo mfukoni, ila siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Angalia lile li- katikati. Linasimama badala ya jambo: bora jambo liende. Li- hiyohiyo inapatikana katika liwalo na liwe, na wengi huyachukua maneno haya kuwa mapacha. Sikubali. Anayesema liwalo na liwe ameshapima, ameona hatari, na ameamua kuibeba. Nahodha huyasema akiingia kwenye mawimbi. Anayesema bora liende hataki hata kujua litafika wapi. Wa kwanza ana moyo, wa pili ana haraka ya kulipwa.

6. Ovyo

Neno fupi lenye kazi nyingi kuliko yote humu. Kila kitenzi kinachokutana nalo hupokonywa kitu. Kutupa taka ovyo kumepokonywa mahali pake. Kula ovyo kumepokonywa wakati wake. Kutumia pesa ovyo kumepokonywa kiasi, na kusema ovyo kumepokonywa vyote vitatu kwa mpigo.

Kwa hiyo ovyo halisemi kwamba tendo ni baya. Kutupa taka ni kwema, kula ni kwema zaidi. Linasema tendo zuri limefunguliwa kamba. Ndiyo maana likiruka kutoka kwenye tendo na kumkalia mtu, "mtu wa ovyo", linauma sana: umemwambia hana mahali, hana wakati, hana kiasi. Litumie kwa taka. Kwa mtu, fikiri mara mbili, na kwa mkwe wako, mara kumi.

5. Kukurupuka

Mwangalie kware kwenye majani. Ametulia, unakaribia, hamwonani, ghafla anaruka miguuni pako kwa kishindo. Huko ndiko kukurupuka. Kware ana haki yake, maana asingeruka angekuwa mchuzi.

Tatizo linaanza binadamu anapotoa maamuzi kwa mtindo wa kware. Saa sita usiku mtu amejiondoa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, saa mbili asubuhi anamwomba msimamizi amrudishe, na aibu ameibeba hadi siku ya keki. Kilichomrusha kilikuwepo: ujumbe mmoja uliomchoma. Alichokosa ni hoja. Kiswahili kinatufundisha tofauti hii vizuri. Kila anayekurupuka ana kitu kilichomshtua, lakini kushtuliwa hakujawahi kuwa sababu ya kuhukumu. Ukiulizwa kwa nini ulimfukuza kijana kazini na jibu lako ni "nilikuwa nimekasirika", umeeleza mapigo ya moyo wako tu. Kosa la kijana bado hatujalisikia.

4. Kura

"Kura nayo imefuata nini humu?" Subiri. Neno hili limetoka Kiarabu, qur'a, na maana yake ni kile kitendo cha kuacha bahati ichague: vijiti, vijiwe, vikaratasi vilivyokunjwa. Katika Biblia, mabaharia walipiga kura kujua nani kawaletea dhoruba, ikamwangukia Yona. Katika Kurani, Sura ya 37, Nabii Yunus naye anashiriki kura akiwa chomboni na anashindwa. Mitume nao walipotafuta wa kujaza nafasi ya Yuda walipiga kura, ikampata Mathiya. Hakuna aliyehesabu wafuasi wala kuning'iniza mabango.

Baadaye tukalichukua neno hilohilo la bahati na kulikabidhi uchaguzi, jambo ambalo tunataka liwe la akili na hiari. Na hatukuishia hapo. Uwezo wa wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa wa kuzuia azimio tunauita kura ya turufu, na turufu ni neno la wacheza karata, tulilopokea kutoka kwa Wareno. Bahati ikakutana na karata, wakapelekwa New York kulinda amani ya dunia!

Lakini kura ya zamani haijafa. Nenda kwenye upatu wa akina mama. Wako kumi na wawili, kila mmoja anatamani apokee mwezi wa kwanza. Vikaratasi vinakunjwa, vinatikiswa kwenye kikombe, kila mtu anachukua chake. Aliyepata namba 12 anaguna, lakini hanuni. Angepangiwa namba 12 na mwenyekiti, kikao kisingekwisha siku hiyo. Kikaratasi hakina shoga, hakina deni, hakina kinyongo. Kwa nini hatuudhiwi na bahati namna tunavyoudhiwa na mtu? Shika swali hilo, litatusaidia tukifika namba moja.

3. Nasibu

Hili ndilo neno lenye elimu kubwa katika orodha, na ndilo linaloonewa zaidi. Kwa Kiarabu ni fungu, yaani sehemu uliyoandikiwa. Tumeliunganisha na bahati, lenye asili ya Kiajemi, tukapata bahati nasibu: maneno mawili kutoka lugha mbili yakisema karibu kitu kimoja. Wasanii nao wametusaidia. Kenya wana mwimbaji Bahati, na Diamond Platnumz wa Tanzania jina lake la nyumbani ni Nasibu. Wapande jukwaa moja, tiketi yako ni ya bahati nasibu.

Sasa darasani. Aliyesoma isimu ya Kiswahili amekutana na maneno sauti za nasibu ndani ya fasili ya lugha, akayakariri, akapata alama zake, akayaacha getini. Turudi tukayachukue. Wazo hili lilitiwa nguvu na Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Geneva aliyefariki mwaka 1913 na ambaye mafundisho yake yalichapishwa kitabu mwaka 1916. Anasema hakuna kamba ya asili inayofunga neno na kitu. Mti ni mti kwa Mswahili, omuti kwa Mganda, shajara kwa Mwarabu, arbre kwa Mfaransa, na mti wenyewe hauitiki kwa jina lolote.

Utasema tunazo tanakali, pikipiki inasikika kama pikipiki. Sawa. Lakini niambie kwa nini giza ni totoro, weupe ni pepepe, weusi ni tititi na usingizi ni fofofo. Giza halina sauti, na usingizi fofofo wenye sauti tunauita kukoroma.

Je, nasibu ni ovyo? Hapana! Jaribu kesho kuuita mti "kijiko". Utapanda vijiko peke yako, na kivulini utakaa peke yako. Chanzo cha neno ni nasibu, matumizi yake ni mkataba wa jamii nzima.

Watafiti nao wanalihitaji kwa uzito huohuo. Sampuli nasibu ni ile ambayo kila mtu katika kundi linalochunguzwa ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Mwanafunzi anayesimama Kariakoo, akawauliza watu arobaini wa kwanza waliokubali kusimama, kisha akaandika "niliwateua kwa nasibu", amewaokota. Nasibu ina jasho. Marekani walilijifunza hilo tarehe 1 Desemba 1969, walipopiga kura ya kuwapeleka vijana Vita vya Vietnam. Vidonge 366 vya plastiki, kila kimoja na tarehe ya kuzaliwa, vilitiwa kwenye chombo. Havikuchanganywa vya kutosha. Waliozaliwa miezi ya mwisho ya mwaka, ambayo vidonge vyake vilitiwa mwishoni, wakaangukiwa na namba za mwanzo kuliko ilivyostahili. Uzembe wa kutikisa tu ukageuza nasibu kuwa upendeleo, na ulioamuliwa pale ulikuwa uhai wa watu.

Basi, ukiona jambo limefanywa kwa uzembe, usiliite nasibu. Nasibu ni kazi ya makini.

2. Holela

Hapa vicheko vinapungua kidogo. Ujenzi holela. Matumizi holela ya dawa. Ukataji holela wa miti. Kukamatwa kiholela. Soko huria lilipoingia, wapo waliolibadilisha jina wakaliita soko holela, na kila mtu akaelewa bila kufafanuliwa. Tofauti yake na ovyo ni hii: ovyo laweza kuwa la mtu mmoja na ganda lake la ndizi, ila holela hudokeza kwamba palitakiwa kuwa na utaratibu na palikuwa na mtu wa kuusimamia.

Kwa hiyo kila ukisema holela, uliza: mwenye zamu alikuwa wapi? Chukua makazi holela. Neno linamnyooshea kidole aliyejenga. Lakini sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi kwenye maeneo yasiyopimwa kwa sababu watu walifika kabla ya wapimaji. Mwaka 2002 Serikali ilipoanzisha mradi wa viwanja 20,000 jijini humo, kuna waliokuwa wameshajenga, wameshazaa na wameshaozesha kwenye nyumba zisizo na ramani. Mtoto hasubiri mchoro wa mipango miji ndipo azaliwe.

Na lipo kosa la upande wa pili, la kuita bahati mbaya kile ambacho ni holela. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Misibani tunaambiana ajali haina kinga, na kwa kumfariji mfiwa neno hilo lina nafasi yake. Likitoka msibani likaingia kwenye ripoti, linakuwa hatari. Zege, nondo na vibali ni mambo ya kupimwa. Bahati haina mshtakiwa, holela linaye, na jina lake liko mahali fulani kwenye faili.

Dunia nayo imeliona neno hili. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948 linakataza, katika kifungu cha 9, mtu kukamatwa, kuzuiliwa au kufukuzwa nchini kiholela. Kifungu cha 17 kinakataza kumnyang'anya mtu mali yake kwa namna hiyohiyo.

1. Basi tu

Kilele kimechukuliwa na maneno mawili ambayo mtoto wa miaka minne anayaweza. "Kwa nini umempaka paka unga?" "Basi tu." Ametuweza. Hana hoja, hataki kuwa nayo, na uso wake umetulia kama wa jaji.

Zipo basi tu halali. Mtoto na paka wake. Mzee aliyeoana na mkewe miaka hamsini, ukamwuliza alimpendea nini, akacheka, akasema basi tu. Hapo kuna sababu nyingi kuliko siku za kuzieleza. Mti kuitwa mti ni basi tu ya lugha nzima. Kikaratasi cha upatu ni basi tu iliyokubaliwa na wote kabla hakijakunjwa. Na hilo ndilo jibu la swali tulilolishika: bahati haituudhi kwa sababu haina uwezo wa kutuambia sababu. Mtu anao.

Nimewahi kusimama kwenye dirisha la ofisi moja nikiwa na nyaraka zangu zote.

"Njoo kesho, kaka."

"Dada, samahani, kuna kilichopungua?"

"Hakijapungua kitu."

"Sasa kesho kuna nini?"

"Njoo kesho tu."

Foleni nzima nyuma yangu ilikuwa kimya. Ile tu ya mwisho ni silabi moja, lakini ilinipotezea siku, nauli na heshima. Hapo ndipo basi tu inapopanda hadi namba moja: ikitoka kwa mwenye mhuri, mwenye funguo, mwenye fimbo au mwenye pingu. Mengine yote tisa yanaweza kutokea kwa kusahau, kwa pupa au kwa bahati. Hili mtu anaulizwa ana kwa ana, anasikia swali, na anakataa kujibu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 47, inasema kwamba hatua ya kiutawala ikiathiri haki ya mtu au ikielekea kuiathiri, mtu huyo ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi! Ukiitafsiri kwa lugha ya dirishani, ibara hiyo inasema mwenye mhuri haruhusiwi kujibu basi tu.

Basi mtoto akikujibu hivyo, cheka naye, kisha mkamsafishe paka. Mwenye mhuri akikujibu hivyo, usicheke. Mwulize tena, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika na foleni nzima: kwa nini?